Nanga ya Buhaya na Santuri za Wakusanyaji

Katika mji wa London iko kampuni ndogo iitwayo Electric Recording Company. Kazi yake ni kufyatua upya santuri za zamani za muziki wa Ulaya uitwao klasiki, hasa zile ambazo nakala zake za kwanza, zilizouzwa katika miaka ya 1950 na 1960, zimekuwa adimu hata wakusanyaji huzigombea kwa fedha nyingi mno. Kampuni hii hutumia mitambo ya valvu ya zama zile zile, hufyatua nakala mia tatu hivi za kila santuri, kisha kazi hufungwa. Bei huhesabiwa kwa mamia ya paundi. Miongoni mwa santuri zilizoipa sifa ni zile za Johanna Martzy, mpiga fidla wa Kihungari, ambaye katika miaka ya 1954 na 1955 alirekodi kazi za Bach za fidla pekee isiyosindikizwa. Makampuni makubwa nayo yameingia katika biashara hiyo. Mwaka 2023 Deutsche Grammophon ya Ujerumani ilianza kutoa mfululizo wa santuri zinazokatwa moja kwa moja kutoka katika kanda asilia za miaka ya 1970, kila nakala ikiwa na namba yake.

Msomaji aliyeko Bukoba au Muleba aweza kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu ladha hiyo ya kutafuta kilicho adimu haikubaki katika muziki wa Ulaya. Mwaka 2010 duka la Honest Jon's la London lilitoa mkusanyiko wa rekodi za Afrika Mashariki za miaka ya 1950, zilizochambuliwa kutoka katika ghala la kampuni ya EMI. Kabla ya hapo, Michael Baird wa Utrecht, Uholanzi, alikuwa amekwisha kutoa mfululizo mrefu wa rekodi za Hugh Tracey, zikiwamo za Tanganyika za mwaka 1950. Kampuni ya Dust-to-Digital ya Marekani ilifuata mwaka 2018. Kwa hiyo vigezo vya mkusanyaji wa Bach, yaani uadimu, usafi wa sauti, uzuri wa jalada na uchache wa nakala, sasa vinatumika pia kupimia muziki wetu. Tunataka kuchunguza kama vipimo hivyo vinautosha muziki mmoja tunaoufahamu, nao ni nanga ya Buhaya.

Kwanza tueleze kwa nini tunauweka muziki huu katika daraja moja na ule wa klasiki. Hatufanyi hivyo kwa majivuno wala kwa kutaka ngoma zetu zivalishwe kanzu ya Ulaya. Neno hilo, likiondolewa kiburi chake, lina maana ya muziki wenye mafunzo marefu, wenye kanuni zinazojulikana kwa mpigaji na kwa msikilizaji, wenye hazina ya kazi zinazorudiwa kizazi baada ya kizazi, na uliolelewa na watu au taasisi zenye uwezo wa kuwatunza wasanii. Falme za Buhaya, kama Kiziba, Kianja, Kiamtwara na Ihangiro ambayo leo imo katika wilaya ya Muleba, zilikuwa na muziki wa namna hiyo. Zilikuwako ngoma za Omukama, zilikuwako amakondere, yaani baragumu za kibuyu ambazo kila moja hutoa sauti yake moja tu na wimbo hupatikana kwa wapigaji kupokezana, na ilikuwako nanga. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, muziki wa makundi ya ikulu ulipoteza mlezi wake. Nanga ilikuwa na bahati zaidi. Haikuhitaji watu ishirini wala ua wa mfalme. Ilihitaji mtu mmoja, jioni, wasikilizaji na rubisi.

(Mtu wa pwani akisikia neno nanga hufikiri chuma cha kuzuilia chombo. Tunamwomba aiache nanga yake majini kwa muda.)

Nanga ni ubao uliochongwa ukawa kama kihori chembamba, na juu yake ukapitishwa uzi mmoja mrefu kwenda na kurudi hata zikapatikana nyuzi saba au nane. Zamani uzi huo ulikuwa wa kano za ng'ombe. Sauti yake ni ya chini na ya upole. Manju huketi, huiweka chombo mbele yake, hupiga, na juu ya mapigo hayo husimulia na kuimba habari za mashujaa na wafalme: Rukiza, Kachwenyanja, na Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Masimulizi hayo ni marefu. Utendi mmoja huweza kuchukua saa nzima na kuendelea, kwa kutegemea usiku, wasikilizaji na pumzi ya manju mwenyewe. Ruth Finnegan alipoandika kitabu chake cha fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, alitia shaka kama bara hili lina tendi kwa maana kamili ya neno hilo. Mojawapo ya majibu yenye nguvu lilitoka Buhaya. M. M. Mulokozi, mshairi na mwenyeji wa huko, aliandika makala mwaka 1983 juu ya manju wa nanga, kisha mwaka 1986 akaukamilisha uchunguzi wake katika tasnifu ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu hapo mwalimu wa fasihi hana sababu ya kwenda Ugiriki kutafuta mfano wa utendi wakati uko Ihangiro.

Sasa tumtazame mrekodi. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alipita Tanganyika mwaka 1950 akiwa na gari la mitambo, akafika pia Buhaya. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1977 ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes. Kutokana na safari zake zilitoka santuri zaidi ya 200 za mfululizo mmoja, zilizouzwa zaidi kwa vyuo na maktaba kuliko kwa watu waliorekodiwa. Fedha zake zilitoka kwa kampuni ya santuri ya Gallo, na baadaye kwa wafadhili kama Nuffield. Ni rahisi kumlaumu, na lawama nyingine anastahili: alikuwa mtu wa dola ya kikoloni, na aliamua peke yake kipi ni halisi na kipi kimeharibika. Lakini mhakiki mwadilifu hana budi kusema pia kwamba aliandika majina ya wapigaji na vijiji vyao pale ambapo wengine waliandika jina la kabila tu, na kwamba alipima tuni za ala kwa vyuma vya kupimia sauti. Bila kadi zake, wazee kadhaa wasingekuwa na jina lolote katika historia ya muziki wa nchi hii.

Kasoro kubwa ya rekodi zake, kwa upande wa nanga, ni muda. Tracey alizoea kufanya kazi kwa ajili ya santuri za mizunguko 78, ambazo upande mmoja, kwa sahani ya inchi kumi, huchukua dakika tatu hivi. Hata santuri ndefu zilipokuja, zenye nafasi ya dakika ishirini na zaidi kwa upande, mazoea yalibaki: vipande vifupi, vingi, vya makabila mengi katika sahani moja. Kwa wimbo wa kazi, au wa kubembeleza mtoto, dakika tatu zinatosha na pengine zinazidi. Kwa nanga ni maafa. Dakika tatu za utendi ni mlango tu. Manju hajamaliza hata kuwaamkia wasikilizaji wake, kumtaja aliyemfundisha na kuutengeneza uwanja. Shujaa hajatoka nyumbani. Anayeisikia sahani hiyo husikia mapigo mazuri na sauti nzito, akadhani amesikia wimbo. Amesikia utangulizi. Ni sawa na mtu aliyepewa ukurasa wa kwanza wa riwaya, akausifia kwa karatasi yake.

Na ndiyo maana tunasema vipimo vya mkusanyaji vina hatari yake. Akiichukua sahani kama hiyo, atasafisha mikwaruzo, atalainisha mvumo, atafyatua katika plastiki nzito ya gramu 180, ataiweka katika jalada la karatasi nene. Kila atakachofanya kitakuwa kizuri. Lakini ataboresha kipande kama kilivyo, na kipande kama kilivyo ndicho chenye kasoro. Usafi wa sauti utaipa dakika tatu hadhi ya kazi kamili, na msikilizaji hatajua kwamba kuna kitu kilichokatwa. Mkwaruzo wa zamani angalau ulimkumbusha kuwa anasikiliza mabaki.

Lakini hoja yetu kuu ni nyingine, na tunaomba walimu waipime kwa makini. Mtu anapofyatua nakala mia tatu tu za Martzy akimpiga Bach, hamnyimi mtu yeyote Bach. Kazi zile zimeandikwa. Bach aliziandika kwa mkono wake mwaka 1720, zimepigwa chapa mara nyingi, na kijana yeyote mwenye fidla aweza kuzipata na kujifunza. Kilicho adimu ni namna ya mpigaji mmoja ya kuzipiga. Uadimu huo ni anasa isiyo na madhara. Tajiri na afurahi na namba yake. Katika nanga mambo yamepinduka. Hakuna maandishi yaliyotangulia. Manju hutunga anapoimba: kisa ni cha wote, lakini maneno, mpangilio na mapigo ya usiku ule ni ya usiku ule. Iwapo usiku mmoja ulinaswa katika kanda, kanda hiyo ndiyo muswada, ndiyo kitabu, ndiyo nakala ya pekee ya utungo huo. Kuifyatua katika nakala mia tatu zenye namba, kwa bei ya mamia ya paundi, ni kuchapa kitabu na kukifungia kabatini kwa watu wasiojua kukisoma. Mkusanyaji wa Bach na mkusanyaji wa nanga wanafanya tendo moja kwa mikono, lakini matokeo ya matendo yao hayafanani hata kidogo.

Linganisha na pwani. Siti binti Saad aliposafirishwa kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, alitoka katika jamii iliyokuwa na maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu tangu karne nyingi. Baadaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wetu wamekisoma. Sahani za Siti zikivunjika zote, jambo ambalo Mungu aepushe, bado yatakuwako maneno na habari. Buhaya haina akiba ya namna hiyo kwa nanga zake, isipokuwa ile iliyokusanywa na watafiti wachache.

Haya tukiyasema, mtu asidhani tunadharau kazi ya mafundi wa santuri. Kinyume chake, katika jambo moja mkusanyaji anatuzidi na inatupasa kujifunza kwake: anaamini kwamba sauti ni sehemu ya maana. Yafaa mwanafunzi ajue kazi hiyo hufanywaje. Fundi huitafuta kanda ya kwanza kabisa, si nakala ya nakala. Huipitisha katika mashine iliyosawazishwa kwa kasi ile ile ya siku ya kurekodi. Ikikosewa kidogo, tuni ya nanga hupanda au hushuka na sauti ya mzee hugeuka ya kijana. Mkondo wa umeme utokao katika kanda huendesha sindano ya kukatia, nayo huchora mfereji mmoja mrefu katika sahani ya laka. Sahani hiyo hupakwa madini ya nikeli kwa umeme, nikeli hubanduliwa ikawa kalibu, na kalibu hugandamizwa juu ya plastiki ya moto. Mfereji ule ndio sauti yenyewe. Mtu akitazama kwa kioo cha kukuzia huona mawimbi yake ubavuni.

Ukilinganisha kazi hiyo na hali ya nanga tunayoisikia sasa huku kwetu, utaona aibu. Rekodi nyingi za mamanju zinazopita mkononi mwa watu ni nakala za kaseti zilizonakiliwa mara tano au kumi, kisha zikabanwa ziingie katika simu. Spika ya simu, sokoni Bukoba au stendi ya Muleba, hutoa sauti ya mwimbaji na kidogo ya nyuzi za juu. Nyuzi za chini hupotea. Wasikilizaji walioitikia hupotea. Na hapo huwa hatukupoteza pambo tu, kwa sababu manju hodari huongea kwa nyuzi: hupunguza mapigo anapokaribia habari nzito, huyakatiza, huyaacha yasimame kitambo kabla ya jina la adui. Asiyesikia nyuzi hana habari ya nusu ya utendi. Kwa hiyo tunamwambia mkusanyaji kwamba masikio yake ni mema. Ni mlango wake uliofungwa ndio tunaoulalamikia.

Tuje kwenye jalada, maana huko ndiko uhakiki wa santuri unakostahili kuanzia ingawa wengi huishia kwenye picha. Majalada ya namna hii kwa kawaida hutuambia aina ya kinasa sauti, jina la fundi aliyekata laka, na uzito wa plastiki. Kisha huja sentensi mbili tatu za maelezo: Haya, Tanganyika, wimbo wa kishujaa kwa zeze la ubao. Neno Haya hapo limefunika mengi mno. Kihaya cha Kiziba si Kihaya cha Ihangiro. Msamiati hutofautiana, na matamshi humtambulisha mtu kabla hajataja kwao. Utendi ukiimbwa na manju wa Ihangiro juu ya mfalme wa Kiziba, tofauti hiyo ya lahaja huweza kuwa ndiyo kejeli yenyewe. Jalada lisilotaja lahaja limempokonya msikilizaji ufunguo. Na jalada lisilo na maneno ya utendi, katika lugha yenyewe kwanza kabla ya tafsiri yoyote, limempokonya kila kitu isipokuwa sauti. Kwa muziki wa fidla sauti ni yote. Kwa utendi, jalada bila matini ni kama picha ya chakula.

Hata sisi wenyewe tusijione tumepona. Mwaka 2001 Saida Karoli, mzaliwa wa Rwongwe, Bukoba, alitoa nyimbo zake kwa lugha ya Kihaya na nchi nzima ikacheza. Jina la Maria Salome likaimbwa kutoka Mtwara hadi Musoma, na mwaka 2016 Diamond Platnumz akautengeneza upya wimbo huo kwa vijana ambao wengine walikuwa bado wachanga ulipotoka mara ya kwanza. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ni Watanzania wangapi walioimba wakijua wanasema nini? Tuliupokea wimbo kama mgeni wa Utrecht anavyoipokea nanga: tuliusikia, tukaupenda, tukapita. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na majirani wa kuwauliza.

Wengine husema kwamba uchache wa nakala husaidia kuhifadhi, kwa kuwa kitu cha thamani hutunzwa. Hoja hii ina ukweli wake kwa jumba la makumbusho lenye hewa kavu. Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2000 kwa mwaka. Ukungu hula jalada, hula kanda, hula kitabu cha maelezo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera na kuharibu shule, ikiwamo Ihungo. Katika nchi ya mvua na matetemeko kinga ya sauti ni wingi wake. Kanda iliyonakiliwa mahali hamsini haifi na nyumba moja.

Habari ya fedha na haki tutaipitia kwa ufupi, maana wanasheria wataieleza vizuri zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kazi za sanaa za jadi na kuzipa ulinzi. Kwa hiyo msemo kwamba wimbo wa kale hauna mwenyewe hauwezi kutumiwa hapa kama ruhusa. Tutaongeza tu kwamba wakati wa santuri taifa letu lilitegemea viwanda vya Nairobi kufyatua muziki wake, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya kuvunjika, mazoea hayo yalitugharimu. Si jambo geni kwetu kwamba sauti yetu iwe na kalibu yake ugenini.

Iko mifano ya kurudisha. Rekodi ambazo Klaus Wachsmann alizifanya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, zilizokuwa zimetunzwa London, nakala zake sasa ziko Chuo Kikuu cha Makerere. Huko nako falme zilifutwa, mwaka 1967, na wapigaji wa ikulu wakatawanyika. Rekodi hizo zimewafaa wale waliotaka kujifunza tena. Nchini Kenya, katikati ya miaka ya 2010, maktaba iliyoanzishwa na Tracey ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kupeleka nakala za rekodi za Wakipsigis kwa Wakipsigis wenyewe. Mambo haya yalifanyika bila kuwazuia wakusanyaji kununua santuri zao. Tajiri hakuzuiwa, na kijiji hakikunyimwa.

Kwa Buhaya tungependa toleo la namna ifuatayo, na tunalieleza kwa kinaganaga kwa kuwa mwalimu wa Kamachumu au Rubya aweza kulianza bila kumsubiri mtu wa London. Achukue utendi mmoja tu, mzima, hata ukiwa na saa mbili. Ausikilizishe kwa kifaa kizuri kadiri atakavyoweza kukiazima, mbele ya wazee wawili au watatu wa lahaja ile ile. Wanafunzi waandike maneno kama yalivyo, kwa Kihaya, pamoja na yale ambayo hakuna kijana ayajuaye. Na pale wazee wanapobishana juu ya neno, ubishi huo nao uandikwe, kwa sababu neno la kale lenye maana mbili ni mali kuliko neno lenye maana moja ya kubahatisha. Kisha ndipo ije tafsiri ya Kiswahili. Jina la manju, kijiji chake na la aliyemfundisha viwe juu ya jalada kwa herufi kubwa kuliko jina la mrekodi. Nakala zisiwe na namba. Ikiwa baadaye mkusanyaji wa ng'ambo atataka kuifyatua kazi hiyo katika santuri nzito ya gramu 180, karibu, alipe na achukue na kijitabu chake.

Limebaki jambo moja dogo la ufundi. Mwanzoni mwa kanda nyingi za nanga, kabla ya mwimbo, kuna dakika moja au mbili ambazo manju hukaza uzi wake, hugusa, husikiliza, hukaza tena, huku watu wakiongea na mtu akikohoa. Wahariri wa santuri huikata sehemu hiyo ili sahani ianze na muziki. Toleo letu liiache yote. Fundi kijana wa Muleba anayetaka kuchonga nanga mpya, na ambaye hana mzee wa kumwekea nyuzi, atausikia humo uzi mmoja mmoja ukitafutiwa mahali pake, na ataweza kukaza wake hadi ulingane.